Kubadili Masafa ya Rimoti ya Ndege: Hesabu Ndege Zako Kabla ya Kulipa

Mtu anapoletewa rimoti ya zamani ya ndege za mfano na ndugu anayeishi Uingereza au Marekani, jambo la kwanza analouliza ni gharama ya kuihamishia kwenye masafa ya kisasa ya gigahezi 2.4, na muuzaji humtajia bei ya moduli moja inayochomekwa nyuma ya rimoti. Bei hiyo huenda ikawa ya kweli, ila ni nusu tu ya hesabu. Rimoti ni moja, lakini risiva, yaani vipokezi vya ndani ya ndege, ni nyingi, kwa sababu kila ndege hubeba ya kwake, na masafa yakishabadilika risiva zote za zamani zinakuwa hazisikii kitu. Mwenye ndege moja ya povu gumu na mwenye ndege sita zilizoning'inia darini hawafai kununua kitu kimoja, hata kama rimoti zao zimefanana. Kwa sababu hiyo nimezipanga chaguo zilizo hapa chini kwa kuangalia risiva kwanza, yaani zinauzwaje, zinapatikana kwa urahisi gani, na zinaingia kwenye ndege ya aina gani. Rimoti yenyewe imefuata nyuma.

Tambua kwanza ulicho nacho

Rimoti za zamani hazikutengenezwa kwa masafa mamoja dunia nzima. Marekani ilizitengea ndege megahezi 72, zikagawanywa katika chaneli 50 zenye namba 11 hadi 60, kuanzia megahezi 72.010 hadi 72.990, huku megahezi 75 zikiachiwa magari na boti. Uingereza ilitumia megahezi 35 kwa ndege, chaneli 55 hadi 90, na megahezi 40 kwa vyombo vya ardhini na majini. Ndiyo maana rimoti iliyotoka kwa shangazi wa London na risiva iliyotoka kwa binamu wa Chicago haziwezi kuelewana, hata zikiwa na jina la kampuni ileile. Masafa husomwa kwenye kibandiko cha nyuma ya rimoti au juu ya kristali, kile kipande kidogo cha bati chenye miguu miwili kinachochomolewa kwa vidole. Kibandiko kikiwa kimefutika, angalia antena. Risiva ya masafa ya zamani ina waya wa karibu mita moja unaopita ndani ya kiwiliwili cha ndege, ukatokeza nyuma ya chumba cha rubani na kuvutwa hadi mkiani kwa kipande cha raba. Risiva ya gigahezi 2.4 ina vinyweleo viwili, na sehemu inayofanya kazi katika kila kimoja ni milimita 31 tu.

Sababu ya watu kuhama haikuwa umbali. Kwenye viwanja vya zamani palikuwa na ubao wenye vibanio vya nguo vilivyoandikwa namba za chaneli, na hakuna aliyeruhusiwa kuwasha rimoti kabla ya kukichukua kibanio cha chaneli yake na kukibana kwenye antena. Aliyesahau aliiangusha ndege ya mwenzake, kwa kuwa risiva ya wakati huo haikuwa na njia ya kumtambua bwana wake: ilisikiliza chaneli, na rimoti mbili zikiwa kwenye chaneli moja, sevo, vile vimota vidogo vinavyosukuma mabawa na mkia, zilichezacheza ovyo mpaka ardhini. Katika gigahezi 2.4 rimoti na risiva huoanishwa, risiva ikahifadhi namba ya utambulisho ya rimoti hiyo, na mifumo mingi ya leo hurukaruka kutoka chaneli moja hadi nyingine mara nyingi kwa kila sekunde. Watu kadhaa wanaweza kurusha ndege kwa pamoja bila kuulizana namba.

Nafasi ya kwanza: rimoti mpya yenye ExpressLRS

Kwa mwenye ndege tatu au zaidi, au anayejijua kuwa zitaongezeka, sioni chaguo bora kuliko hili. ExpressLRS ni mfumo wa programu huria, hivyo kampuni nyingi hutengeneza risiva zake na kushindana kwa bei. Nyingi huuzwa kati ya dola 10 na 25. Toleo lake la gigahezi 2.4 hurukaruka katika chaneli 80, na umbali wake unazidi kwa mbali sana uwezo wa macho kuiona ndege ndogo. Rimoti ya RadioMaster Pocket, iliyotoka mwaka 2023 kwa takriban dola 65, inamtosha anayeanza, ila ajue kwamba betri zake mbili za aina ya 18650 hununuliwa kando. Anayetaka vishikio na nafasi ya moduli ya nyuma vyenye ukubwa kamili atazame Boxer au TX16S za kampuni hiyohiyo.

Mitego ipo mitatu, na wa kwanza umenigharimu mimi mwenyewe. Niliagiza risiva mbili za ExpressLRS kwa bei niliyoiona ni ya kuokota, zikaja mbili zenye ukubwa wa kucha ya kidole gumba, bila hata tundu moja la kuchomeka sevo. Zilikuwa na vituo vinne tu vya kulehemu waya, kwa kuwa zimetengenezwa kwa ajili ya droni, ambazo bodi yake ya kuongozea hupokea data zote kwa waya mmoja. Ndege ya kawaida yenye sevo za mabawa na za mkia inahitaji risiva yenye safu ya pini kwa kila sevo. Katika orodha ya RadioMaster hizo ni kama ER6 na ER8. Tazama picha ya bidhaa, hesabu pini, ndipo ulipe.

Mtego wa pili ni matoleo ya programu. Risiva yenye toleo la 2 haioani na rimoti yenye toleo la 3 mpaka moja wapo ibadilishwe programu yake ya ndani, kazi inayofanyika kwa simu au kompyuta kupitia Wi-Fi ya kifaa chenyewe. Wa tatu ni kwamba rimoti zilezile huuzwa kwa aina mbili, moja ikiwa na ExpressLRS ndani na nyingine ikiwa na moduli ya itifaki nyingi (itifaki ni lugha ya redio ya kila kampuni), maarufu kama nne-kwa-moja, yenye chipu nne za redio zinazoweza kuongea na risiva za kampuni za FlySky, FrSky, Spektrum na nyinginezo. Mwenye ndege zilizokwisha kufungwa risiva za gigahezi 2.4 za kampuni tofauti achague hiyo ya pili, kwa sababu mara nyingi haitamlazimu kubadili risiva hata moja, na ExpressLRS anaweza kuiongeza baadaye kama moduli ya nyuma iwapo rimoti yake ina nafasi hiyo.

Nafasi ya pili: moduli ya gigahezi 2.4 katika rimoti ya zamani

Zipo rimoti za miaka ya tisini na elfu mbili mwanzoni ambazo vishikio vyake ni laini kuliko vya rimoti nyingi za leo, na mwenye nayo ana haki ya kutotaka kuachana nayo. Kama ina moduli ya redio inayochomoka mgongoni, kuhama ni suala la kuchomoa na kuchomeka. Lakini umbo la nafasi hiyo halikuwa moja: kampuni ya JR walikuwa na lao na Futaba lao, na FrSky walitengeneza moduli za kila upande, DJT kwa ajili ya JR na DFT kwa ajili ya Futaba, ambazo leo hupatikana zaidi zikiwa zimetumika. Moduli ya nne-kwa-moja nayo hufaa nafasi ya umbo la JR, na ina swichi ndogo ya kuzungusha ya kuchagua itifaki, hivyo inafanya kazi hata na rimoti inayotoa ishara ya mtindo wa zamani.

Moduli ya ExpressLRS haifanyi hivyo. Inataka data ya kisasa kutoka kwenye rimoti, na ukiichomeka kwenye rimoti ya mwaka 1998 itakaa tu ikiwaka taa. Muuzaji akikuhakikishia kwamba «inaingia», amesema kweli kuhusu umbo na si zaidi.

Anayenunua vifaa vya FrSky vilivyotumika aulize pia vilikusudiwa soko gani. Vile vya Ulaya vilipewa programu inayosikiliza kwanza kama hewa ni tupu kabla ya kutuma, kufuatana na kanuni zilizoanza mwaka 2015, na haviongei na vile vya soko la kimataifa mpaka upande mmoja ubadilishwe programu.

Nafasi ya tatu: FlySky FS-i6

Kwa mwenye ndege moja, mwanafunzi anayejenga ya kwake kwa ubao wa povu, hii inaweza kupanda hadi nafasi ya kwanza. Inakuja na risiva yake kwenye boksi moja, inatumia betri nne za kawaida za AA ambazo duka la mtaani linazo, ina chaneli sita, na kuioanisha ni suala la dakika. Kinachoishusha ni kwamba ndege zikifika tatu utaanza kutamani kuhama tena, na kuhama mara mbili ni ghali kuliko kuanza juu.

Nafasi ya nne: mifumo iliyofungwa ya kampuni kubwa

Spektrum, iliyowazoesha wengi gigahezi 2.4 kwa rimoti yake ya DX6 ya mwaka 2005, na Futaba kwa mfumo wake wa FASST, hutengeneza vifaa imara. Risiva zao halisi zina bei ya juu, na itifaki ni mali yao. Chagua Spektrum kama ndege unazonunua huja tayari na risiva yake ndani, maana hapo gharama umeshailipa. Vinginevyo, zidisha bei ya risiva moja kwa idadi ya ndege zako, halafu urudi kwenye nafasi ya kwanza.

Nafasi ya tano: megahezi 868 na 915

Mifumo hii, kama Crossfire na toleo la masafa ya chini la ExpressLRS, hupenya miti vizuri zaidi na hufaa droni za safari ndefu. Kwa ndege inayozunguka mbele ya macho yako haina faida ya kulipia. Isitoshe, toleo la 915 limekusudiwa nchi za Amerika, ambako ukanda wa megahezi 902 hadi 928 uko huru. Kenya, Tanzania na jirani zao hutumia masafa ya simu ya GSM 900, ambayo simu hutuma kati ya megahezi 880 na 915 na minara hujibu kuanzia 925, kwa hiyo moduli ya 915 inayonunuliwa kwa sababu tu ilikuwa na punguzo itakuwa ikipiga kelele ndani ya masafa ya watu wengine, na minara ikiizidi nguvu. Kwa jumla, kifaa chochote cha redio kinachoingizwa nchini ni vema kikaulizwa kwanza TCRA ya Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na ruhusa ya kurusha ikaulizwa kwa mamlaka ya usafiri wa anga.

Kitu cha kununua pamoja na risiva: umeme wa kutosha

Ndege nyingi zinazoanguka wiki ya kwanza baada ya kuhamishwa haziangushwi na masafa. Risiva ya megahezi 35 ilikuwa kifaa rahisi. Betri ikilegea kidogo, sevo zilitetemeka kisha zikaendelea. Risiva ya gigahezi 2.4 ni kompyuta ndogo, na volti zikishuka mno hujizima na kuanza upya huku ndege iko hewani. Risiva za Spektrum za kizazi cha kwanza zilihitaji sekunde kadhaa kuipata tena rimoti, na sekunde kadhaa ni muda mrefu kwa ndege iliyoinamisha pua. Betri ya zamani ya seli nne za NiMH, volti 4.8, ikilishwa sevo nne za kidijitali zinazovuta kwa pamoja, hufika huko bila taabu. Weka kwenye bajeti betri ya seli tano au kidhibiti cha volti chenye uwezo mkubwa zaidi.

Antena mbili za risiva zilazwe zikifanya pembe kama herufi L, mbali na betri na mota, na kama kiwiliwili ni cha nyuzi za kaboni zitolewe nje, kwa kuwa kaboni huziba gigahezi 2.4. Kisha ondoa pangaboi, washa vyote, zima rimoti, na utazame kama mota inasimama yenyewe; isiposimama, mpangilio wa usalama wa risiva haujawekwa. Rudisha rimoti, iweke katika hali ya nguvu ndogo ya majaribio, utembee hatua 30 huku mwenzako akitazama kama usukani wa mkia unatii.

Nafasi ya mwisho: kristali mpya au moduli ya kuchagua chaneli

Kubadili kristali ni kuhama chaneli ndani ya masafa yaleyale. Kristali ya rimoti na ya risiva hazifanani ingawa zina namba moja, na risiva za megahezi 72 zilirekebishwa kwa nusu moja ya ukanda, chaneli 11 hadi 35 au 36 hadi 60, hivyo kuruka kutoka 20 hadi 50 huiacha risiva ikisikia kwa shida. Moduli za kuchagua chaneli kwa kuzungusha, kama Spectra ya Hitec, ziliondoa usumbufu huo upande wa rimoti, lakini risiva ilibaki na kristali yake isipokuwa nayo ni ya kuchagua chaneli.

Hata hivyo yuko mtu mmoja ambaye singemshauri anunue chochote katika orodha hii: mwenye ndege sita za megahezi 35 zinazofanya kazi, anayerusha peke yake kwenye uwanja ambao hakuna mwingine mwenye rimoti ya aina hiyo. Huyo anunue betri mpya ya rimoti na sita za ndege, aandike namba ya chaneli kwa rangi kwenye kila ndege, na asiikate hata sentimita moja ile waya ya mita moja inayoburuta mkiani.