Kamera ya endoskopu ya milimita 5.5: inamfichua mtengenezaji wa mandolini isiyo na lebo?

Kamera hizi ni za mafundi magari na mafundi bomba: waya mwembamba wa mita moja au zaidi, kamera nchani, vitaa vimeizunguka, na picha unaitazama kwenye simu. Wenye mandolini (ala ndogo ya nyuzi nane zilizopangwa kwa jozi nne) za zamani zisizo na lebo wamezipa kazi nyingine, kuchungulia tumboni mwa ala na kutafuta muhuri, namba au maandishi ya penseli. Kazi hiyo zinaiweza, ila si kwa kila mandolini.

Kwanza unene. Ya milimita 8 hutoa picha safi zaidi, lakini kwenye matundu membamba yenye umbo la herufi f hukwama, na ukiilazimisha inakwangua rangi ya kingo. Ya 5.5 hupita humo, na kwenye mandolini ya tundu la duara hupenya kati ya jozi mbili za nyuzi bila kulegeza chochote. Hilo si jambo dogo. Daraja la mandolini halijagundishwa, linashikwa na mkazo wa nyuzi tu. Ukizilegeza zote linahama na sauti inapotea njia. Ikibidi kulegeza, bandika utepe wa karatasi pande zote mbili za miguu ya daraja, kisha legeza jozi mbili za katikati peke yake.

Pili, chagua ya waya wa USB. Ya Wi-Fi picha yake huchelewa; unasogeza mkono, picha inafuata baadaye, na ndani ya kisanduku kidogo hivyo utapita muhuri mara tatu bila kuuona. Kabla ya kununua hakikisha simu yako inakubali OTG, yaani kuchomekewa vifaa vya USB, la sivyo kamera itawaka taa na simu isione kitu.

Kasoro kubwa ni mwanga. Kamera nyingi za bei hii huona vizuri kuanzia kama sentimita 3 hadi 8 tu, na kwa umbali huo vitaa vyake hufuta maandishi ya penseli kabisa: mbao inang'aa, mstari wa kijivu unayeyuka. Dawa yake ni kupunguza taa za kamera hadi mwisho na kuingiza mwanga wa tochi kupitia tundu la pili, uje kwa ubavu. Waya nao una ukaidi wake. Ufunge pamoja na waya laini wa shaba ili ukiukunja ubaki ulivyoukunja. Kioo kidogo kilichoinama digrii 45 kinachokuja na kamera kishike kwa utepe kabla ya kukiingiza, maana huchomoka na kubaki ndani, na kumbuka kinageuza maandishi kushoto kulia. Sumaku na ndoano viache kwenye boksi.

Sasa, utafute nini? Anza na gogo linaloshika shingo. Gibson, kiwanda cha Kalamazoo, Michigan, kiliweka namba ya oda hapo, kwa muhuri au penseli, na mara nyingi imebaki hata lebo ikishabanduka. Kisha shuka kwenye mgongo kwa ndani. Kiwanda cha Harmony cha Chicago kilipiga muhuri wa wino wenye herufi S au F na tarakimu mbili za mwaka: F-40 ni ya 1940. Muhuri huo una thamani kwa sababu Harmony iliuzwa chini ya majina mengi. Duka la Sears liliinunua mwaka 1916, na mandolini iliyoandikwa Supertone kichwani inataja chapa ya duka hilo, si fundi.

Ukiwa bado kwenye tundu la f, elekeza kamera kwenye ukingo wa tundu lenyewe. Ukiona tabaka tatu, uso ni wa plaiwudi, na hapo futa mara moja ndoto ya Gibson iliyochongwa kwa mkono. Ukiona nyuzinyuzi za mbao zimeshuka moja kwa moja toka juu hadi chini, ni mbao nzima. Lakini mbao nzima inaweza pia kuwa imekunjwa kwa joto na si kuchongwa, kwa hiyo pima unene: iliyochongwa hubadilika unene toka katikati kwenda pembeni.

Kwenye mandolini za Napoli, zile zenye mgongo wa bakuli la mbavu kama udi mdogo, tungekushauri uhifadhi pesa yako. Tundu ni pana, kioo cha daktari wa meno na tochi vinatosha. Tena lebo ikishatoka, ndani utakuta karatasi tupu na alama ya gundi yenye pembe nne, basi. Ushahidi uko nje. Fundi De Meglio alitoboa matundu ya hewa ubavuni mwa bakuli (waigaji nao walifuata, kwa hiyo matundu peke yake hayatoshi). Fundi Embergher wa Roma anajulikana kwa kichwa chembamba na ubao wa vidole wenye mgongo wa mviringo. Kamera haikuongezei kitu hapo.

Tahadhari mbili za kusoma unachokiona. Jina la penseli linaweza kuwa la fundi aliyeirekebisha miaka hamsini baadaye. Tazama kama liko juu ya gundi mpya au kiraka. Na tarehe ya hataza (haki ya uvumbuzi, "PAT.") kwenye chuma au daraja inakupa mwanzo tu. "PAT. JAN. 18 '21" kwenye daraja la Gibson inasema daraja si la kabla ya 1921, wala haisemi lolote juu ya mwili wake, kwani madaraja hubadilishwa. Vishika-nyuzi vya chuma vya kampuni ya Waverly ndiyo kabisa havisemi kitu: viwanda vingi vilivinunua.

Kwa mwenye mandolini ya matundu ya f: nunua ya 5.5, ya waya. Piga picha tuli badala ya video, kisha zigeuze kwenye simu, maana kamera ikizunguka ndani namba 6 huwa 9.