Vijana wa kupasua mawe, Mabatini, Mwanza

Kiwanja changu kiko mlimani, na jabali lilikaa katikati kabisa ya chumba cha watoto. Fundi wa kwanza alitaka baruti. Jirani yuko hatua nane, baruti ya nini?

Nikaita vijana wanne wa kupasua mawe. Walichoma magogo juu ya jabali, likishika moto sawasawa wanalimwagia maji, linalia “pa!” na kufunguka ufa. Kisha tindo na nyundo. Mawe makubwa yakaingia kwenye msingi, madogo shangazi kayagonga kokoto. Sikununua hata tripu moja.

Upande wa juu jabali liligoma. Mkubwa wao akasema, “Mzee, hili liache, likubebee nyumba.” Tukatoboa mashimo, tukasimika nondo kwa saruji, msingi ukapanda kwa ngazi. Sasa sebule imepanda ngazi tatu juu ya jiko. Wageni wanadhani ni mtindo!

Kasoro ni moshi. Nguo za jirani zilinuka, nikaenda kuomba radhi na sato wawili. Halafu patana na vijana hao bei ya kazi nzima, siyo ya siku. Siku ya tatu walifika saa tano, wanapiga miayo.