Mjusi wa Tendaguru kwenye simu: uzoefu wangu darasani

Watoto wa Lindi wanakua wakilisikia jina la mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria mkubwa aliyechimbwa kwenye kilima cha Tendaguru huku kwetu, ila mjusi mwenyewe hawajamtia machoni. Mifupa yake imesimama Berlin, kwenye makumbusho ya Museum für Naturkunde, tangu 1937. Nafundisha darasa la sita hapa Lindi mjini, na miaka yote nilikuwa naandika ubaoni "kimo mita 13.27", watoto wananakili, tunasonga mbele.

Muhula huu nimetumia video ya nyuzi 360 iliyotolewa na Google Arts & Culture mwaka 2016 pamoja na makumbusho hayo. Ipo YouTube, bure. Unajikuta ukumbini mbele ya mifupa, kisha michoro ya kompyuta inaivika nyama na ngozi mpaka mnyama anakuwa hai. Ukigeuza simu, na picha inageuka.

Binti mmoja alishika simu usawa wa kifua, akaanza kuipandisha taratibu. Akapita goti, akapita bega, shingo ikawa haiishi. Mikono ilishanyooka juu ya kichwa chake ndipo akasema, "Mwalimu, kichwa bado!" Wenzake wote wakasogea. Mita 13 ziliwaingia hapo, si ubaoni. Tukatoka na kamba, tukaipima na kuilaza uwanjani, wakawa wanalala chini mmoja mmoja kujilinganisha nayo.

Sauti niliizima, nikasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Nilitaka wajue kwamba kati ya 1909 na 1913 mifupa ile ilichimbwa na watu wa huku kwetu, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani, na kwamba wapagazi waliibeba kwa miguu siku nne hivi hadi bandari ya Lindi. Bandari hiihii wanayoipita kila siku. Wakauliza mbona haijarudi, tukalizungumza hilo hadi kengele ikalia.

Sasa tahadhari kwa walimu wenzangu. Video inakula bando vibaya: langu la siku lilikata kundi la tatu likiwa halijamaliza. Ukipunguza ubora wa picha ili kuokoa MB, ngozi ya mnyama inakuwa ukungu mtupu, kwa hiyo usipunguze. Pia ijaribu simu yako nyumbani kwanza. Nilikuwa na mbili, na ile ya zamani haina kihisi cha kufuata mkono, picha unaivuta kwa kidole. Kundi lililopewa hiyo liliona mnyama mkubwa tu kwenye kioo kidogo, na niliwaonea huruma. Projekta nayo sikuipenda, inamlaza bapa ukutani.

Mwakani nitaitumia tena, kwa simu moja nzuri na foleni ndefu. Mvulana ambaye kwao ni Mipingo, karibu na kilima chenyewe, ameshaomba awe wa kwanza.