Kutia nili shati la kitani Tokushima: uzoefu wangu

Kama una nguo ya kitani unayoipenda na imepauka, au imeingia umanjano shingoni, usiigawe kwanza. Mimi naishi Osaka, na shati langu jeupe la kitani lilifika hali hiyo: ukosi na makwapa yamegeuka njano, na hata kulichemsha hakukusaidia. Nililipeleka Tokushima, katika kisiwa cha Shikoku, kwenye karakana ya kutia nili, rangi ya buluu itokanayo na mmea. Sasa ndilo shati ninalolivaa kuliko mengine yote. Nimejaribu pia rangi nyingine za mimea juu ya kitani, mahali pengine, na matokeo yalikuwa tofauti kabisa, kwa hiyo nitayaeleza yote.

Kufika ni rahisi, basi la Osaka linavuka bahari kwa madaraja kupitia kisiwa cha Awaji. Sababu ya kwenda mbali hivyo ni kwamba Tokushima ndiyo jimbo la zamani la Awa, nchi ya nili ya Japani. Mto Yoshino ulikuwa ukifurika wakati wa tufani na kuharibu mpunga, lakini mmea wa nili huvunwa kiangazi, kabla ya mafuriko, na tope lililobaki lilirutubisha mashamba. Mmea wenyewe si mnili wa India, ule uliotoa rangi ya kaniki zilizokuja pwani yetu. Huu wa Tokushima ni mmea mwingine, mfupi, wenye maua ya waridi, ila rangi inayopatikana kwenye majani ni ileile.

Majani yakishakaushwa hurundikwa bandani, yakamwagiwa maji na kugeuzwa tena na tena kwa muda wa siku 100 hivi. Rundo linapata moto lenyewe na kutoa harufu kali inayowasha macho. Mwisho wake ni kitu cheusi kama mboji, kiitwacho sukumo. Hicho ndicho kinachoingia mtungini pamoja na maji ya majivu ya kuni, chokaa, pumba za ngano na sake, pombe ya mchele. Nili peke yake haiyeyuki majini. Bakteria waliomo kwenye sukumo ndio wanaoigeuza iweze kuyeyuka na kushika nyuzi, na ndiyo maana fundi hulisha mtungi, huupima joto, na siku nyingine huuacha upumzike. Karakana niliyokwenda ina mitungi mikubwa iliyofukiwa sakafuni hadi shingoni, na juu ya maji kuna povu la buluu inayokaribia zambarau. Niliambiwa povu hilo likipungua, kazi inasimama. Nililazimika kusubiri zamu yangu kwa sababu hiyo, na sikuona vibaya.

Kilichonifanya niiamini karakana ile ni maswali ya fundi, mama mmoja wa makamo. Kabla hata ya kutaja bei aliligeuza shati ndani nje, akaniuliza uzi wa kushonea ni wa nini. Sikujua. Akachukua kioo cha kukuzia, akaangalia mishono, akasema ni poliesta, kwa hiyo nguo itakuwa buluu na mishono itabaki myeupe. Akabonyeza ukosi, akasema ndani kuna kitambaa kilichobandikwa kwa gundi, na hapo rangi itakaa hafifu zaidi. Akanusa makwapa bila haya yoyote. Mafuta ya jasho, alisema, huzuia rangi, kwa hiyo lazima nguo ichemshwe na kusafishwa vizuri kwanza, na hata hivyo hawezi kuahidi kwamba rangi itakuwa sawa kila mahali. Yote aliyoyasema yalitokea kama alivyosema. Mishono myeupe imekuja kupendeza sana, inachora umbo la shati zima, lakini mtu asiyeambiwa mapema angeweza kukasirika.

Nilibaki kutazama. Fundi anazamisha nguo polepole, anaifungua mikunjo ndani ya maji kwa vidole ili rangi ifike kote, halafu anaitoa na kuikamua. Ikitoka ni ya kijani chenye hudhurungi. Inapokutana na hewa inaanza kubadilika mbele ya macho yako, kijani kinakimbia kuanzia kwenye kingo, na buluu inashika. Mchovyo mmoja unatoa buluu nyepesi tu. Kitani kina nyuzi ngumu, laini juu, na rangi haizami haraka, kwa hiyo buluu nzito inataka kuchovya, kukamua, kupeperusha, kuchovya tena, mara nyingi. Bei inakwenda kwa uzito wa nguo na kina cha rangi. Nilichagua buluu nzito ili kuficha umanjano, na nililipa zaidi ya bei ya shati jipya la kawaida. Kwangu ilistahili.

Wiki za mwanzo zina usumbufu wake. Shati lilikuwa na harufu ya uchachu iliyoisha baada ya kufuliwa, na rangi ilishika kwenye mkoba wangu wa rangi ya maziwa, pale unapogusa kiuno. Buluu yenyewe ilikuwa na ukungu wa kahawia, masalia ya mtungi. Fundi alinishauri niliweke shati gizani kwa muda, kisha nilisuuze kwa maji ya moto. Nilifanya hivyo, maji yakatoka kama chai, na buluu iliyobaki ikawa safi kuliko siku niliyolichukua. Sasa nalifua peke yake kwa sabuni laini, bila jiki, na kulianika kivulini.

Sasa ile rangi nyingine. Katika karakana tofauti, mji tofauti, nilipeleka suruali ya kitani itiwe akane, mzizi unaotoa wekundu. Rangi za aina hii zinahitaji madini ya kuzishikiza, kwa kawaida shabu, na zinaishika hariri na sufu vizuri kwa sababu nyuzi hizo zina protini. Kitani hakina. Mafundi wengi hukipa kitani maji ya soya kwanza ili rangi ipate pa kushika. Hapo hakuna aliyeniuliza kitambaa ni cha nini, wala sikuelezwa kama maandalizi hayo yamefanyika. Nilipata waridi iliyofifia, na msimu mmoja wa jua ukaiondoa mapajani kabisa, ikabaki kwenye mikunjo tu. Sisemi akane ni rangi mbaya. Nimeona hariri yake na ni nzuri mno. Ila kwa kitani, na kwa nguo ya kuvaa juani, ningeiacha.

Nili haihitaji shabu wala soya, ndiyo faida yake kubwa juu ya kitani. Rangi nyingine ninayoweza kuipendekeza ni kakishibu, maji yaliyochachushwa ya tunda bichi la kaki, yaani pasimoni. Inatoa kahawia ambayo jua huizidishia badala ya kuifuta. Lakini inakakamaza kitambaa, kwa hiyo itie kwenye aproni au mfuko.

Ukitaka kuonja kabla ya kulipia nguo nzima, mji wa Aizumi nje kidogo ya Tokushima una jumba la makumbusho liitwalo Ai no Yakata, nyumba ya zamani ya wafanyabiashara wa nili, na wageni huruhusiwa kuchovya leso yao wenyewe. Ukipeleka nguo kwa fundi, angalia lebo kwanza, toa vifungo vya mbao, na usiende na sampuli ya rangi ukidai ilingane nayo kabisa. Mtungi wa leo si wa juzi. Kama unahitaji buluu moja isiyopishana, kwa sare au kwa suti ya harusi, nunua kitambaa cha kiwandani.