Umeme wa nyumba yangu unatoka karakana: uzoefu wangu na mafundi wawili

Mita yangu ya umeme iko kwenye ukuta wa karakana, mita 40 hivi kutoka nyumbani. Karakana ilijengwa kwanza, nyumba ikafuata, kwa hiyo umeme wa nyumba nzima unapitia huko. Hapa Marekani kazi ya namna hii huongozwa na kanuni ya taifa ya umeme, NEC.

Fundi wa kwanza alifanya mengi vizuri. Alilaza bomba la plastiki sentimita 45 chini ya ardhi (kebo ya kufukiwa bila bomba ingetaka 60), akapitisha waya nne: mbili za moto, nyutro (ya kurudisha mkondo) na ethi (ya usalama, isiyobeba mkondo siku za kawaida). Kisha, kwenye bodi ya nyumbani, yaani kasha la breka (swichi zinazojikata mkondo ukizidi), akakaza ile skrubu ya kijani inayounganisha nyutro na kasha la chuma. Nilipomuuliza alijibu kwamba nyumba ndiyo kubwa, kwa hiyo bodi yake ndiyo kuu.

Jibu hilo lilinikosesha usingizi, nikamwita fundi mwingine. Huyu alianzia karakana. Akaniambia, "Mzee, swichi ya kwanza baada ya mita iko hapa. Bodi kuu yako ni hii. Ile ya nyumbani ni ndogo yake, hata kama inalisha jiko, mashine ya kufulia na vyumba vyote." Nyutro na ethi hufungwa pamoja kule umeme unakoingia, basi. Zikifungwa tena nyumbani, mkondo unaorudi hugawanyika: sehemu hupita kwenye nyutro, sehemu kwenye waya wa ethi na chuma chochote kinachounganisha majengo mawili. Alibana kipimo chake kwenye waya wangu wa ethi wakati birika la umeme likichemsha, kikasoma zaidi ya ampea 3. Waya ule haupaswi kubeba kitu siku za kawaida. Nyutro ingekatika, mzigo wote ungehamia humo, na makasha ya vyombo vyangu yameunganishwa nao.

Hakumsema vibaya mwenzake. Alieleza kwamba kabla ya toleo la NEC la 2008 jengo la pili liliruhusiwa kulishwa kwa waya tatu, na nyutro ikafungwa na ethi huko huko, mradi kusiwe na njia nyingine ya chuma kati ya majengo. Wapo mafundi waliozoea hivyo, mkono ukabaki na mazoea.

Nikamuuliza: si nyumba ina fimbo zake za ethi udongoni? Akachukua penseli. Tuseme waya wa moto umegusa kasha la chombo na njia pekee ya kurudi ni udongo: fimbo yenye ukinzani wa omu 25, ambayo kanuni inaihesabu kuwa nzuri, kwa volti 120 hupitisha ampea 4.8 tu. Breka ya ampea 20 haitaanguka kamwe kwa mkondo huo, na kasha litaendelea kuwa na umeme. Fimbo ni lazima ziwepo kila jengo, kazi yake kubwa ikiwa radi na mishtuko ya volti. Hitilafu ya ndani huondolewa na waya wa ethi unaorudi karakana, maana huo hupitisha mkondo wa kutosha kuangusha breka. Kwa maelezo hayo peke yake ningemlipa tena.

Alitoa skrubu, akatenganisha pau za nyutro na ethi, akapima upya: sifuri. Akafunga pia swichi ya kuzimia nje ya ukuta wa nyumba, maana toleo la 2023 linataka ya dharura ifikiwe kirahisi kutoka nje. Mkaguzi alipitisha siku hiyo hiyo.

Kasoro zake: alichelewa siku 2 bila kupiga simu, na hakuandika lebo kwenye breka mpaka nilipodai. Ukiita fundi kwa kazi kama hii, muulize kabla hajafungua mkoba: skrubu ya kijani itakaa bodi ipi? Akisema ya nyumbani kwa sababu ni nyumba, tafuta mwingine.