Miezi mitatu na programu ya tafsiri: kamba ya tanga yageuka shuka ya kitandani

Nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili nimezitoa kwa huruma.

Mimi ni mtu wa Lamu, fundi mbao kwenye karakana ya mashua hapa Turku, Ufini. Bosi alileta kijitabu cha Kiingereza kuhusu mashua ya zamani ya milingoti miwili tunayoikarabati: jinsi ya kuitunza, kazi za mabaharia wake, amri za usukani. Akanikabidhi mimi nikitie kwenye Kifini, kwa sababu pale karakanani Kiingereza changu ndicho angalau kinaeleweka, na Kifini nimekizungumza miaka 18. Nikalipia programu ya kutafsiri, euro 15 kwa mwezi. Jina lake nalihifadhi.

Ukurasa wa kwanza tu ulinipa jibu. Waingereza huita "sheet" ile kamba ya kuongozea tanga, ambayo sisi twaiita demani: ukiivuta tanga linakaza, ukiilegeza linaachia upepo. Kifini chake ni jalus. Programu ikaniletea lakana. Lakana ni shuka ya kutandika kitandani! Yaani dhoruba imechacha, chombo kinalala ubavu, na baharia anaambiwa alegeze shuka. Karakana nzima ilicheka, na mimi pia.

La "port" halikunichekesha. Neno hilo kwa Kiingereza ni bandari, lakini kwa mtu aliye chomboni ni upande wa kushoto ukielekea omo, mbele ya chombo. Kifini kina maneno mawili tofauti kabisa: satama ni bandari, paapuuri ni huo upande wa kushoto. Programu ilichagua satama kila mara, hata kwenye amri za usukani, kwa hiyo "geuza kushoto" ikawa "geukia bandarini". Baharini kwetu hapa visiwa ni maelfu na miamba imejificha chini ya maji. Kosa la namna hiyo si la kusahihisha kwa kalamu baada ya safari.

Mengine nayapitia haraka. "Mate", msaidizi wa nahodha, akawa kaveri, rafiki wa kijiweni. Kifini chake ni perämies, neno kwa neno mtu wa tezi, yaani wa nyuma ya chombo. "Hold", mahali pa shehena, ikawa kitenzi cha kushika badala ya ruuma. "Pilot" akawa lentäjä, mrusha ndege, wakati wa melini ni luotsi. Hapa nilitabasamu kidogo, maana kwa Kiswahili kosa hili lisingeonekana: rubani wetu aliongoza vyombo kabla ndege hazijakuwapo, na jina akabaki nalo hadi angani.

Nadhani shida ni kwamba baharia wa Kiingereza huvisha maneno ya nyumbani kazi ya chomboni, ilhali Wafini mengi waliyachukua kwa Waswidi yakiwa maneno ya chomboni tayari. Paapuuri haina maana nyingine ya kumsaidia anayebahatisha. Mimi nilipokwama nilipitia Kiswahili kwanza. Nikishajua kitu ni demani au mkuku, ule uti wa chini wa chombo, najua nakitafuta wapi.

Haki yake nitampa. Masto (mlingoti), ankkuri (nanga), köli (mkuku), hayo hayakumshinda. Solmu pia alipata, kwa kuwa kwa Kifini, kama kwa Kiingereza, neno moja ni fundo la kamba na ni kipimo cha mwendo wa chombo. Na viambishi vya Kifini, vinavyotutoa jasho wageni, anavibandika bila kusita: mastossa, mlingotini, mastosta, kutoka mlingotini.

Kuna sehemu ya kuingiza maneno yako mwenyewe, ambayo kwenye tangazo ndiyo inayosifiwa. Nikaandika kwamba "sheet" ni jalus. Vizuri. Nilipofika sura ya kuziba sakafu, "sheet" ya plaiwudi nayo ikawa jalus, kwa hiyo fundi anaagizwa akate kamba kwa msumeno na kuipigilia misumari. Nikajaribu kuirudisha sentensi ya tanga kwenye Kiingereza ili niikague. Jalus ikinyambuliwa huwa jalusta, na jalusta ni neno jingine pia, maana yake stendi ya kusimamishia kitu. Programu ikaniambia nilegeze stendi. Nikafunga kompyuta nikaenda kunywa kahawa.

Huduma kwa wateja walijibu mara mbili, kwa adabu sana, bila kugusa nilichouliza.

Nimesitisha malipo. Kijitabu nilikimaliza kwa mkono, nikikaa na mzee mmoja aliyestaafu akiwa perämies. Tulibishana siku nzima juu ya jalus, maana yeye maisha yake yote ameiita skuutti, neno la Kiswidi lililotiwa sauti ya Kifini. Bosi alichapisha jalus. Nakala iliyotundikwa ukutani karakanani sasa ina skuutti juu yake, kwa kalamu ya seremala, kila ukurasa.