Tangazo la Julai la mkahawa wa Kipwani South B, Nairobi: mbaazi agiza leo, nguru asubiri kaskazi

Mkahawa wenyewe ni mdogo, meza nane tu, na jikoni husimama wenye mali, mke na mume. Kila mwanzo wa mwezi hubandika mlangoni karatasi moja ya mkono: vilivyoingia, vilivyokwisha, na wanachokushauri ule. Wateja wa kila siku hutumiwa picha yake kwa WhatsApp. Nimekula kwa kuifuata karatasi ya Julai tangu ilipotoka, asubuhi na jioni, na neno langu la kwanza ni hili: agiza kwa karatasi ya mlangoni, achana na ubao mkubwa wa ukutani. Ubao haubadiliki mwaka mzima. Karatasi inaandikwa na watu waliotoka Marikiti, soko la jumla, alfajiri.

Juu kabisa wameandika mbaazi za nazi kwa mahamri, na hapo hawakukosea hata kidogo. Mbaazi za asili za Makueni na Kitui hupandwa kwa mvua za vuli na kuvunwa kuanzia Julai hadi Septemba, kwa hiyo za sasa zimetoka shambani juzi. Mbaazi iliyolala ghalani mwaka mzima hukauka ikawa kama kokoto, na Nairobi huiongezea ukaidi: tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Chungu kinachoiva upesi Mombasa huku kinaweza kukumalizia gesi. Ndiyo maana hoteli nyingi hutia magadi. Magadi hulainisha haraka, ni kweli, lakini ganda hubanduka, chembe husagika, na ulimini hubaki ladha ya sabuni ambayo nazi haiwezi kuificha.

Hapa hawatii magadi. Mbaazi hulowekwa usiku kucha, maji ya kulowekea humwagwa, kisha huchemshwa na kitunguu mpaka chembe ipondeke kati ya vidole viwili bila kiini kigumu. Nyanya haiingii, na wana sababu: uchachu ukitangulia, mbaazi hukataa kulainika. Tui jepesi hutiwa kwanza na kuachwa likauke nusu, pamoja na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Tui zito huja mwisho kabisa, moto ukiwa mdogo, na sufuria hutolewa tui linapoanza kufurukuta kando kando. Wakilichelewesha jikoni tui hukatika: mafuta huelea juu na vidonge vyeupe hutuama chini. Nililiona hilo mara moja, Jumamosi saa nne asubuhi, sufuria ilipokuwa imepashwa tena kwa haraka wakati wa msongamano. Nikarudisha bakuli, nikaletewa jingine bila maneno. Ukiona hivyo nawe rudisha, usile kwa kuona haya.

Kwa wali wa mchana uliza mbaazi mbichi, zile za kijani zilizomenywa. Hazihitaji kulowekwa, huiva chini ya saa moja, na zina utamu kidogo ambao zilizokauka hazina. Karatasi imeziandika kwa herufi ndogo pembeni, na nadhani wamezidharau. Zilistahili mstari wa juu.

Mahamri ya Julai yana saa yake. Usiku wa Nairobi mwezi huu hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na hamira kwenye baridi hiyo hulala. Unga unaoumuka kwa saa moja Pwani hapa hutaka mbili na zaidi, labda uwekwe karibu na jiko. Mkahawa unafungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, lakini mzigo wa kwanza huwa haujaumuka sawasawa: hamri hufura upande mmoja, upande wa pili hubaki mnene kama chapati. Nenda baada ya saa moja na nusu. Hamri nzuri ukiipasua ina uwazi katikati, kuta zake ni laini na nyembamba, harufu ya hiliki inatangulia, na kidole hakitoki kimelowa mafuta. Ikiwa imelowa, karai halikuwa limepata moto wa kutosha. Kipimo walichonitajia ni hiki, kwa anayetaka kujaribu nyumbani: unga wa ngano kilo moja, sukari gramu 200, hamira kijiko kimoja cha mezani, hiliki ya kusaga kijiko kidogo kilichojaa, na tui vuguvugu kama nusu lita, ukiliongeza kidogo kidogo mpaka unga uache kushika mkono. Tui likiwa la moto linaua hamira, na hapo hata ungoje hadi adhuhuri hakuna kitu.

Kwenye samaki ndipo ubao unapokosesha watu. Karatasi imesema wazi: nguru hakuna, rudini kaskazi, yaani msimu wa upepo wa kaskazini, Novemba hadi Machi hivi. Upepo wa kusi ukivuma, tangu Aprili hadi Septemba hivi, bahari huchafuka na vyombo vidogo haviwezi kuvuka mwamba kwenda maji makuu. Nguru na jodari ni samaki wa huko nje. Wanaofika Nairobi sasa ni wa ndani ya mwamba: tafi, changu, pono. Lakini ubao bado una "nguru wa kupaka", na mhudumu mgeni aliyenipokea Jumatano alichukua agizo hilo bila kusita. Kilicholetwa kilikuwa kipande cha friza. Nyama ilikuwa imemwaga maji ndani ya mchuzi, nyuzi zake zimekauka, na ukitafuna ilikuwa kama unatafuna pamba. Wenyewe walipoitwa walikubali kwamba alikuwa wa akiba ya Machi na hawakunilipisha. Ni uungwana, lakini kazi iliyobaki ni ndogo sana: wafute mstari mmoja ubaoni, au wauzibe kwa karatasi mpaka Novemba. Mgeni asiyesoma mlangoni ataondoka akidhani jiko hili halijui samaki.

Tafi wa kupaka, kwa upande mwingine, ndiye chakula bora nilichokula hapa mwezi huu. Huchomwa mzima kwenye makaa, si kwenye gesi, amechanjwa mara tatu kila ubavu ili kitunguu saumu, tangawizi na ndimu viingie. Miiba ya mapezi yake ina sumu inayouma sana ikikudunga, kwa hiyo huikata yote kabla ya kumwosha. Anayenunua tafi mzima sokoni asisahau hilo. Mchuzi wa tui zito na ukwaju hupakwa kwa tabaka, upande mmoja ukikauka ndipo hugeuzwa. Hapo ndipo wengi huharibu, humwagia mchuzi wote kwa pamoja, ukadondokea makaani na samaki akala moshi. Tafi wa hapa ana rangi ya dhahabu iliyoungua kidogo kwenye ncha, na ukwaju unasikika mwisho, baada ya nazi. Agiza mapema, huchukua dakika 40 hivi.

Pweza wao hana siku maalumu kwenye karatasi, na nilipouliza nikaelewa. Pweza wengi huokotwa miambani wakati wa bamvua, maji yanapotoka sana, mwezi ukiwa mpevu au umeandama. Basi tazama mwezi angani, ongeza siku mbili tatu za safari, kisha piga simu. Katikati ya maji mafu, yaani bahari isipotoka sana, usijisumbue.

Juisi ya embe wameitoa kabisa, na nawapongeza, maana embe la Julai Nairobi ni adimu na mara nyingi glasi hujazwa rangi na sukari. Kuna ya ukwaju na ya machungwa. Ya ukwaju ni nzito, haina sukari nyingi. Ya machungwa kunywa ikikamuliwa mbele yako. Ikikaa kwenye jagi huanza uchungu.

Viazi karai vya jioni siwezi kuvisifu sawasawa. Wamevipendekeza kwa ajili ya baridi, na ukivila pale pale, vikitoka karaini, ganda la unga ni kavu na bizari ya manjano iko sawa, chatne ya ukwaju ni kali inavyotakiwa. Shida ni kufungasha. Hufungwa kwenye mfuko wa karatasi uliokunjwa mdomo, mvuke unarudi ndani, na ukifika nyumbani, hata ukiwa unakaa hapo South C, ganda limeshakuwa uji. Waambie wauache mfuko wazi na chatne waiweke kando. Mbaazi hazina shida hiyo. Zipashe moto kwa moto mdogo ukiongeza vijiko viwili vya maji, usizifunike, na usiziache zichemke.

Malipo ni kwa M-Pesa au taslimu. Mbaazi za mahamri huisha kabla ya saa nne asubuhi siku za kazi, Jumapili hata kabla ya saa tatu. Ijumaa mchana kuna biriani baada ya swala na meza hazitoshi, kwa hiyo anayetaka tafi siku hiyo aje saa kumi na moja jioni, makaa yakiwa yamewashwa upya.